Triathloni ya Kwanza kwa Mkimbiaji wa Moshi na Arusha: Mwongozo Kamili

Mkimbiaji wa kwetu akiamua kufanya triathloni, kitu cha kwanza anachoongeza ni mbio. Anaamka mapema zaidi, anapanda Kibosho mara mbili kwa wiki, ananunua raba mpya. Siku ikifika anakuta mbio ziko mwisho kabisa, na kabla ya kuzifikia kuna maji.

Mwongozo huu ni wa mtu wa namna hiyo. Kilomita 5 au 10 unakimbia bila shida, pengine umeshamaliza nusu marathoni ya Kilimanjaro, lakini bwawani unabaki upande wa watoto. Ushauri wangu wote unasimama juu ya jambo moja: punguza kukimbia, na muda huo uhamishie majini. Mapafu na miguu unayo tayari. Unachokosa ni kutulia uso ukiwa ndani ya maji.

Unaingia kwenye nini hasa

Triathloni ni michezo mitatu inayofuatana bila kupumzika: kuogelea, kuendesha baiskeli, kukimbia. Saa haisimami unapobadilisha viatu. Mchezo huu ulianzia San Diego, Marekani, mwaka 1974, na uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Sydney mwaka 2000.

Umbali ni wa aina kadhaa. Ule mfupi unaozoeleka, unaoitwa sprinti, ni mita 750 majini, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za kukimbia. Umbali wa Olimpiki ni mara mbili ya hapo: mita 1,500, kilomita 40, kilomita 10. Juu yake kuna nusu Ironman, yaani kilomita 1.9, 90 na 21.1, halafu Ironman kamili yenye kilomita 3.8, 180 na 42.2. Kuna pia fupi zaidi ya sprinti, mita 400, kilomita 10 na kilomita 2.5, nayo ni heshima tosha kwa mtu aliyejifunza kuogelea mwaka huu.

Chagua sprinti, au hiyo fupi zaidi. Najua mtu aliyemaliza kilomita 42 anaona kilomita 5 ni za kupasha misuli. Lakini mita 750 za maji kwa mtu asiyeogelea ni safari ndefu kuliko zile 42. Mwanafunzi mpya hutumia dakika 20 hadi 25 majini, karibu saa nzima kwenye baiskeli ya kawaida, na nusu saa kukimbia. Jumla inakaribia saa mbili.

Afya na kalenda

Nenda kapime presha na moyo kabla ya kuanza, hasa ukiwa umevuka miaka 40, au kwenu kuna historia ya kifo cha ghafla, au umewahi kuzimia ukikimbia. Sisemi hivi kwa kukutisha. Vifo vingi vinavyotokea kwenye triathloni hutokea majini, na sababu mojawapo ni moyo uliokuwa na tatizo lisilojulikana. Mwenye pumu aongee na daktari wake na aje bwawani na dawa yake ya kuvuta.

Kuhusu kalenda, mkimbiaji wa huku mwaka wake unazunguka mbio za Kilimanjaro, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Baada ya hapo masika yanaingia mpaka Mei, barabara zinateleza na matope yanamaliza cheni ya baiskeli. Kwa hiyo mimi napendekeza hivi: ukimaliza mbio hizo pumzika, Aprili uwe unazoea maji tu bila ratiba, kisha katikati ya Mei uanze wiki 16 za maandalizi. Utafika mwanzoni mwa Septemba, kukiwa kukavu, baridi imepungua na barabara ni safi. Juni na Julai maji ya bwawa asubuhi yana baridi kweli, Arusha zaidi kuliko Moshi, kwani mji uko juu kwa zaidi ya mita 500. Miezi hiyo ogelea saa 8 au saa 9 mchana, bwawa likiwa limeshapigwa na jua.

Pa kuogelea, na pa kukaa mbali napo

Bwawa ndilo darasa lako. Moshi na Arusha zote zina hoteli na shule zenye mabwawa, na baadhi huruhusu watu wa nje kwa kiingilio. Usilipe kwa siku. Omba bei ya mwezi, na waambie utakuja saa ambazo hakuna wageni. Mkienda watu wanne au watano kutoka klabu moja ya jogging, bei inashuka na usalama unaongezeka.

Pima urefu wa bwawa kwa futi kamba ya fundi. Mabwawa mengi ya hoteli hayafiki mita 25, na ukikisia utajidanganya. Bwawa la mita 25 linahitaji urefu 30 kufikisha mita 750. La mita 15 linahitaji 50.

Maziwa na mito ni habari nyingine. Ziwa Chala, kule mpakani na Kenya, ni zuri kulitazama, lakini mwaka 2002 kijana kutoka Uingereza aliuawa na mamba alipokuwa akiogelea pale. Bwawa la Nyumba ya Mungu lina mamba pia. Maji yaliyotulia na mifereji ya mashamba yanaweza kuwa na konokono wanaobeba kichocho, na mdudu wake hupenya kwenye ngozi bila wewe kuhisi kitu. Ukishaingia kwenye maji ya namna hiyo, kapime hospitali baada ya wiki kadhaa hata kama huna dalili. Dawa ipo na inatibu. Chemchemi ya Kikuletwa, ile wengi tunayoiita Chemka, ina maji safi yanayotembea. Haifai kupimia umbali, ila inafaa kuzoea maji yasiyo na ukuta wala mstari chini, ukiwa na mtu anayejua kuogelea pembeni yako.

Na sheria isiyo na msamaha: usiogelee peke yako, hata kwenye bwawa la mita 15.

Kujifunza kuogelea, hatua kwa hatua

Hapa ndipo nataka ukae sana. Wengi wetu tumekulia kando ya mfongo, yaani mfereji wa mashamba, wenye maji ya magotini, tukaambiwa maji yanaua, tukaamini. Woga huo hauondoki kwa kujilazimisha. Unaondoka kwa mwili kuona mara nyingi kwamba umetoa pumzi majini na hukufa.

Kama unaweza kumpata mwalimu, mlipe hata kwa mwezi mmoja. Masomo machache ya mwanzo chini ya jicho la anayejua yanaokoa miezi ya kuhangaika. Ukimpata au usimpate, mpangilio ni huu.

Anza na pumzi. Simama kwenye maji ya kifuani, shika ukingo, vuta hewa kwa mdomo, zamisha uso wote, kisha toa hewa polepole kwa pua na mdomo mpaka mapovu yaishe. Inua uso, vuta, rudia. Watu hubana pumzi uso ukiwa majini, wakiinua kichwa wanalazimika kutoa na kuvuta kwa mara moja, hewa haitoshi, hofu inaingia. Inayokuumiza pale ni hewa chafu uliyoifungia ndani. Ukiitoa yote chini ya maji, ukitoka juu kazi ni moja tu, kuvuta. Fanya hivi kwa dakika 10 mwanzo wa kila zoezi mpaka uchoke kwa uvivu, si kwa woga.

Pili, elea. Chali kwanza: masikio ndani ya maji, kitovu juu, mikono wazi, tazama mbinguni. Hii ndiyo akiba yako ya dharura. Siku ya mashindano ukipaliwa au ukipigwa teke la uso, unageuka chali, unapumua mara kumi, unaendelea. Usihamie hatua nyingine kabla hujaweza kukaa chali dakika nzima bila kupapatika.

Tatu, teleza. Sukuma ukuta kwa miguu, mikono mbele, uso chini, mwili umenyooka, uone unafika wapi bila kufanya chochote. Mkimbiaji atagundua hapa kwamba miguu yake inazama. Sababu ni mbili: mapaja yamejaa misuli isiyo na mafuta ya kukuelesha, na kichwa kinainuliwa kutazama mbele. Kichwa kikiinuka, kiuno kinashuka. Tazama sakafu iliyo chini yako, kandamiza kifua kidogo kwenye maji, na miguu itapanda yenyewe.

Nne, miguu. Piga maji kutokea nyongani, magoti yalegee bila kukunjika kama unaendesha baiskeli. Vifundo vya wakimbiaji ni vigumu kama mbao, na mguu usionyooka vidole unavuta maji kurudi nyuma. Kila jioni ukiwa nyumbani kaa juu ya visigino vyako, nyayo zikiwa zimelala chali, kwa dakika mbili. Usipige miguu kwa nguvu: hata siku ya tukio miguu ni ya kukuweka sawa, kazi ni ya mikono, na miguu unaihitaji kwa yaliyo mbele.

Tano, kupumua kwa upande. Geuza mwili mzima kidogo, bega na nyonga pamoja, sikio moja likibaki majini, mdomo utoke kwenye maji kwa upande. Usiinue kichwa mbele. Anza na kupumua kila mikono miwili upande ule unaokuja kirahisi. Kupumua pande zote mbili ni vizuri, ila si sharti kwa mwaka wa kwanza.

Mwisho mikono. Mkono unaingia mbele ya bega, si katikati ya kichwa. Unanyooka, kiwiko kinabaki juu, kiganja na mkono wa mbele vinasukuma maji kwenda nyuma mpaka kwenye paja. Polepole. Anayepiga mikono haraka akiwa hajui, anachoka kabla ya kufika ukuta wa pili.

Ukishaweza urefu mmoja wa bwawa bila kusimama, acha kutafuta umbali na anza vipande. Urefu 8, kila mmoja ukifuatiwa na mapumziko ya nusu dakika. Wiki inayofuata 12. Halafu unganisha miwili miwili, kisha minne minne. Mwili hujifunza ukiwa na pumzi, ukishachoka unajifunza ubaya. Siku moja, mara nyingi bila kutarajia, pumzi itakaa na utagundua umeshaenda mita 200 ukiwaza mambo mengine. Kuanzia hapo 750 ni suala la uvumilivu, na uvumilivu mkimbiaji anao.

Sheria zinaruhusu mtindo wowote. Ukichoka na mtindo huru, yaani huu niliokuelezea hapo juu, piga wa kifua, au geuka chali. Hakuna atakayekuondoa.

Mavazi: nailoni au kitambaa cha michezo kinachobana. Fulana ya pamba inabeba maji na kukuvuta chini. Dada anayependa kujisitiri avae taitsi na blauzi ya michezo ya mikono mirefu, ila aulize bwawa kabla, kwani kila mahali pana utaratibu wake. Nywele zilizosukwa zinahitaji kofia kubwa ya kitambaa au ya silikoni, zile ndogo za mpira zinapasuka. Miwani ya kuogelea isikose. Bila kuona, kutulia ni kugumu mara mbili.

Baiskeli

Huhitaji baiskeli ya mbio. Baiskeli za mtumba zinazouzwa mjini zinatosha, mradi ukubwa ukufae na fremu isiwe na ufa. Kabla hujalipa, inua kila gurudumu ulizungushe: likiyumba kushoto na kulia, rimu imepinda au spoku zimelegea. Shika mkono wa pedali uusukume kwa pembeni. Ukicheza, beringi zimekwisha. Badili gia zote ukiwa unaendesha, si ikiwa imesimama. Bana breki zote mbili na sukuma baiskeli mbele: isiende.

Ukipata ya milimani yenye tairi za meno, mwambie fundi akufungie tairi laini. Ni badiliko la bei ndogo kuliko mengine yote, na kwenye lami utalihisi kilomita ya kwanza.

Kiti kiweke hivi: kaa, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila kiuno kuegemea upande. Ukiendesha kwa unyayo wa mbele goti litabaki limekunjika kidogo, ndiyo sawa. Karibu kila baiskeli ninayoiona barabarani kiti kiko chini mno, na magoti ndiyo yanayolipa.

Zungusha pedali kwa wepesi, mizunguko 80 hadi 90 kwa dakika, gia laini. Mkimbiaji hupenda gia nzito kwa kuwa anazo nguvu, halafu akishuka kukimbia mapaja yamekauka.

Njia. Kwa Moshi naipenda barabara ya kwenda kiwanda cha sukari cha TPC: tambarare kuliko zote, ukienda unateremka taratibu usijue, ukirudi ndiyo unajua. Angalia malori ya miwa. Usijifunzie barabara kuu ya Arusha upande wa Kikafu. Ule mteremko wenye kona na malori si wa mtu mpya. Barabara za Machame, Uru na Old Moshi ni za kujenga miguu ukishajua breki vizuri. Kwa Arusha, barabara ya mchepuo inayozunguka mji kutokea Usa River hadi Kisongo ina pembezoni pana. Asubuhi mapema inakubali mazoezi. Tengeru Jumatano na Jumamosi ni gulio, ipite siku nyingine. Kofia ngumu kichwani muda wote, nguo ya rangi kali, kaa kushoto, na bodaboda akikupigia honi usigeuke ghafla.

Jifunze pancha kabla haijakupata, kwani miiba ya migunga haina siku. Toa gurudumu, toa upepo wote uliobaki. Ingiza vipande viwili vya plastiki vya kufungulia tairi kati ya tairi na rimu, upande ulio mbali na valvu, zungusha mpaka upande mmoja utoke. Vuta tyubu. Sasa hatua ambayo wengi wanairuka: pitisha kidole taratibu ndani ya tairi mzunguko mzima, utafute mwiba. Ukiuacha, tyubu mpya inatoboka kabla hujafika njia panda. Utoe. Tia upepo kidogo kwenye tyubu mpya ikae umbo la duara, iingize kuanzia kwenye valvu, rudisha tairi kwa viganja, na mwisho hakikisha tyubu haijabanwa popote kabla ya kupiga pampu. Fanya hivyo nyumbani mara kadhaa ukiwa umekaa sebuleni. Barabarani beba tyubu moja, pampu ndogo na vile vipande viwili.

Kukimbia na miguu ya mtu mwingine

Ukishuka kwenye baiskeli ukaanza kukimbia, miguu haitakuwa yako. Mapaja mazito, hatua fupi, unahisi unajikokota kumbe saa inaonyesha unakwenda kasi kuliko kawaida. Hali hii hupita baada ya kilomita moja hivi, na dawa yake ni kuizoea. Mara moja kwa wiki, ukirudi na baiskeli, iegeshe, vaa raba, kimbia dakika 10 papo hapo. Hatua fupi na nyepesi mwanzoni, mabega yashuke. Baadaye ongeza hadi dakika 20.

Wiki 16

Wiki ya 1 hadi ya 4: kuogelea mara tatu, dakika 40 kila mara, karibu yote ni pumzi, kuelea na kuteleza. Baiskeli mara moja au mbili, kilomita 10 hadi 15. Kukimbia mara mbili tu, polepole. Utajisikia unaibiwa. Vumilia.

Wiki ya 5 hadi ya 10: kuogelea kunabaki mara tatu, sasa kwa vipande, ukilenga kufika mita 400 mfululizo wiki ya 10. Baiskeli mara mbili, moja ndefu ya kilomita 20 hadi 25. Kukimbia mara mbili, moja ikiwa ile ya baada ya baiskeli. Siku moja ya kulala kabisa.

Wiki ya 11 hadi ya 14: fika mita 800 mfululizo angalau mara mbili, ili 750 isiwe kitu kigeni. Zoea kuogelea mkiwa watatu bega kwa bega mkigusana miguu, na kila mikono sita inua macho juu kidogo ya maji uone uendako. Baiskeli ndefu ifike kilomita 30.

Wiki ya 15 fanya jaribio la nusu umbali, vitu vyote kwa mpangilio wa siku yenyewe. Wiki ya 16 punguza kila kitu kwa nusu, lala.

Usipofika mita 400 wiki ya 10, sogeza tarehe mbele au hamia kwenye umbali mfupi. Hapo usibishane na maji.

Kubadilisha

Eneo la kubadilishia, pale unapochukua baiskeli ukitoka majini na kuiacha kabla ya kukimbia, lina sheria yake, na ndiyo inayowaangusha wageni. Helmeti ifungwe kidevuni kabla hujagusa baiskeli. Usipande baiskeli ndani ya eneo hilo. Isukume mpaka mstari wa kupandia, na ukirudi shuka kabla ya mstari. Baiskeli irudi mahali pake kabla hujafungua helmeti. Vifaa vya masikioni haviruhusiwi. Katika mashindano mengi ya wasio wa kulipwa hairuhusiwi kumfuata mtu nyuma ya gurudumu lake kujikinga na upepo. Ama baki mbali, ama mpite.

Tandika taulo dogo kando ya baiskeli. Helmeti iwe imepinduliwa, kamba zake wazi, miwani ya jua ndani. Raba mbele yake, midomo imefunguliwa, na poda kidogo ndani ili mguu wenye maji uingie. Kamba za mpira kwenye raba zinakuondolea kufunga fundo kwa vidole vinavyotetemeka. Namba ifungwe kwenye mkanda: mgongoni ukiwa kwenye baiskeli, igeuze mbele ukianza kukimbia. Kama huna viatu vya baiskeli, na huvihitaji, raba hizohizo zinafanya kazi zote mbili. Mafuta ya mgando shingoni, kwapani na mapajani kabla ya kuingia majini.

Msipopata mashindano, andaeni yenu

Si lazima usubiri tangazo wala kusafiri. Watu sita hadi kumi wa klabu wanaweza kuandaa triathloni ya heshima. Zungumzeni na meneja wa bwawa awape muda wa saa mbili, asubuhi kabla wageni hawajaamka. Kila muogeleaji awe na mhesabu wake ukingoni mwenye karatasi na kalamu, kwani majini hesabu inapotea. Pawepo mwokoaji anayejua kazi, asiyeshiriki. Watu waingie majini kwa zamu, wawili au watatu, ikiwa bwawa ni dogo.

Njia ya baiskeli iwe ya kwenda na kurudi bila kukata barabara kuu, na kila mtu ageukie kushoto iwezekanavyo. Wajulisheni trafiki na serikali ya mtaa mapema. Wekeni mtu mwenye fulana ya kuakisi mwanga kwenye kila kona, na gari au pikipiki moja nyuma ya mtu wa mwisho, ikiwa na maji na boksi la huduma ya kwanza. Moshi Jumapili asubuhi barabara zimejaa watu wa ibada. Jumamosi saa moja asubuhi ni bora.

Kula

Usiku wa kuamkia kula ulichozoea: ndizi, wali, viazi, nyama kidogo. Maharage mengi na pilipili viache. Mbege, pombe yetu ya ndizi, pia. Asubuhi, saa mbili au tatu kabla, kula mkate au viazi vitamu na chai isiyo na maziwa mengi; tumbo la maziwa na maji ya bwawa havipatani.

Kwenye baiskeli ndipo pa kula, kwani tumbo limetulia. Gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa zinatosha. Ndizi mbivu moja ya kawaida ina karibu gramu 25. Kinywaji kichanganye mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi, na ndimu kwa ladha. Usijaribu siku hiyo kitu ambacho hukukijaribu mazoezini.

Siku yenyewe

Fika mapema, tandika vitu vyako, kisha tembea kutoka mlango wa maji hadi baiskeli yako ilipo ili uijue njia. Ingia majini dakika 10 kabla, toa mapovu, lowesha uso. Kaa nyuma na pembeni. Wengine wataondoka kwa fujo, waache. Mikono 20 ya kwanza iwe ya polepole kuliko unavyodhani inafaa, na toa pumzi yote.

Ukitoka majini utayumba kidogo, ni kawaida baada ya kulala muda mrefu. Tembea mpaka kichwa kikae. Kwenye baiskeli dakika 10 za kwanza ni za kurudisha pumzi na kunywa. Baada ya hapo endesha kwa kasi ambayo ungeweza kusema sentensi fupi. Kilomita mbili za mwisho legeza gia, zungusha haraka.

Halafu unashuka, na sasa uko nyumbani. Utawaona mbele waliokupita majini na utataka kuwala wote kilomita ya kwanza. Anza taratibu, sekunde 20 hadi 30 kwa kilomita nyuma ya kasi yako ya kawaida, mpaka miguu irudi. Kuanzia kilomita ya tatu kimbia unavyojua.

Ukimaliza tembea, kunywa, kula ndani ya saa moja, vaa nguo kavu. Siku mbili zinazofuata ogelea kidogo kwa starehe, miguu itakushukuru. Suuza baiskeli, kausha cheni na uitie oili, maji ya jasho na chumvi yanaila. Mita 1,500 zikianza kukuita, ongeza mita 100 kila wiki na baki mwaka mzima kwenye umbali wa Olimpiki kabla ya kufikiria nusu Ironman. Mojawapo ilianza 2022 huko Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu.